Nilivyomtafutia Rebeka Baba, Nikakwama Kwenye Paa

Saa nne na dakika kumi na saba asubuhi ya leo nilikuwa bado mtu wa heshima. Kufikia saa saba mchana, basi tena. Nimeaibika, jamani. Naandika mwenyewe, tena haraka, kwa sababu dada yangu Akinyi ana picha nane kwenye simu yake, na kinachomchelewesha ni mtandao tu.

Kwa wasionijua: mimi ni fundi wa friji hapa Kaloleni, Kisumu, umri miaka hamsini na tatu. Shule niliachia darasa la nane (karo). Mengine yote nimejifundisha mwenyewe, pamoja na kazi ya kufuatilia ukoo. Kwa miaka sita nimekuwa nikimtafuta mtu mmoja: baba yake Rebeka.

Rebeka alikuwa nyanya yake baba yangu. Ndiye wa kwanza kubatizwa kijijini kwetu, na hakubatizwa nusu. Pombe hapana. Ngoma hapana. Jumapili hata moto wa kupikia hakuwasha. Mlikula viazi baridi vya Jumamosi na mkashukuru. Siku moja alimwaga mtungi wa busaa wa chifu mbele ya chifu mwenyewe, kisha akamwambia apige magoti atubu. Chifu alipiga magoti! Sisi wajukuu na vitukuu tunatembea vifua mbele kwa sababu ya mama huyo.

Shida ni kwamba hakusema kamwe yeye ni mtoto wa nani. Ukimuuliza alikujibu: "Mimi ni wa Mungu. Kula chakula chako."

Sasa mwezi ujao tunalijenga kaburi lake, na mama yangu, mwenye miaka themanini na mbili, ametoa amri. Hataki jiwe lenye jina nusu. Mwanamke asiye na baba kwenye jiwe, asema, ni kama tulimwokota barabarani. Akanitazama mimi. "Wewe si ndiye unasomanga? Leta jina."

Nikaleta jina. Nilikuwa na ushahidi wa aina tatu. Kwanza, nakala ya daftari la ubatizo la misheni ya zamani, ukurasa wa arobaini na moja: "Rebeka, binti wa Ogutu, Nyakach." Pili, kijiji kizima kilimwita Nyar Nyakach, yaani binti wa Nyakach, na kwetu mke huitwa kwa pale alipozaliwa. Tatu, mwanya wa meno ya mbele, ambao sisi tunao na kina Ogutu wanao. (Watu wenye mwanya kando ya ziwa hili ni wengi mno. Hilo nililijua. Ndiyo maana niliuandika kwa penseli.)

Basi leo tukaenda, watu kumi na wanne, mpaka boma la kina Ogutu, mbele kidogo ya Pap Onditi, huko Nyakach. Tulibeba sukari, kondoo, na bango la mita mbili lenye mti wa ukoo, nililolichora mwenyewe kwa rula. Saa nne na dakika kumi na saba nikasimama kuhutubia.

Nilizungumza dakika arobaini. Nilikuwa mzuri, wacha niseme ukweli. Mwenye boma, Mzee Ochola, ambaye ni kitukuu cha Ogutu, alianza kufuta macho nilipofika ukurasa wa arobaini na moja. Nilipomaliza alinikumbatia hadi kalamu ikavunjika mfukoni.

"Okewo!" alipaza sauti. "Mtoto wa binti yetu amerudi! Mpwa wetu huyu hapa!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Nikamtazama Akinyi, ambaye kwa miaka sita amekuwa akiiita kazi yangu "ugonjwa wa makaratasi". Alikuwa akipiga makofi. Sitaisahau raha ya dakika hiyo. (Ilidumu dakika nne hivi.)

Mzee Ochola akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya boma. Pale palikuwa na nyumba ya udongo, paa la nyasi, imeinama kama mlevi.

"Hii ni ya marehemu mama yetu mkubwa," akasema. "Miaka mitatu imesimama hivi. Sisi wana wa boma hatuwezi kuigusa. Anayebomoa ni mpwa. Na wapwa wetu wako Nairobi na Mombasa. Ukiwapigia wanasema, 'Mjomba, sikusikii, mtandao mbaya.' Halafu leo Mungu anakuleta wewe."

"Leo hii?" nikauliza.

"Unangoja nini? Si wewe mpwa?"

Desturi hiyo naijua vizuri. Nimeiandika katika daftari langu la tatu. Mpwa ndiye hupanda, hung'oa kijiti kilichosimama kileleni mwa paa, kisha hufumua paa. Nilichokuwa sijaandika ni kwamba mpwa anaweza kuwa na kilo tisini na nne na amevaa suti.

Akinyi akanisogelea, akaniita kwa jina la mwanangu. "Baba Sila, panda tu. Ushahidi unao."

Nikavua koti, nikapanda. Ngazi ilikuwa fupi. Sehemu iliyobaki nilitambaa. Chini watu wakaimba. Nikakishika kijiti, nikakivuta, kikatoka! Vigelegele tena. Nikakiinua juu kama kombe la mpira. Nikafikiri: Rebeka, ungeniona.

Paa likaachia.

Sikuanguka hadi chini. Afadhali ningeanguka. Mti mmoja wa paa ulinidaka kwapani, nikabaki nusu kwa nusu: kifua na kichwa juu ya nyasi, miguu ikining'inia ndani ya nyumba. Nikasikia suruali inapasuka kwa utaratibu, kutoka nyuma kuelekea mbele. Ndani kulikuwa na kuku anayeatamia, naye hakufurahia alichokiona.

Hapo ndipo Mama Dorka aliporudi kutoka maombi. Huyu ni mama yake Mzee Ochola, umri zaidi ya miaka tisini, mkongojo mkononi, akili kama wembe. Akasimama, akaniangalia.

"Hicho kichwa kwenye paa ni cha nani?"

"Ni mpwa, Mama," Mzee Ochola akajibu kwa furaha. "Kitukuu cha Rebeka, binti wa babu Ogutu."

"Ogutu hakuwa na binti."

Vigelegele vikakatika. Hata kuku alinyamaza.

"Mama," nikasema kutoka juu, kwa adabu yote niliyoweza kuikusanya, "daftari la ubatizo, ukurasa wa arobaini na moja..."

"Kijana, mimi nimeolewa hapa miaka sabini. Ogutu alizaa wavulana watano. Binti, hakuna."

"Na mwanya je, Mama?"

"Mwanya gani?"

Akinyi alikuwa ameketi chini. Alikuwa akilia, na si kwa huzuni.

Mzee Ochola akashika kichwa. "Yawa! Sasa aliyebomoa nyumba ya mama yetu ni nani?"

Watu wote wakanitazama. Nami nilikuwa na kijiti bado mkononi. Mgeni asiye na undugu amefumua nyumba ya marehemu, na kondoo wake ameshachinjwa. Nilipiga hesabu ya njia za kutoroka. Zote zilihitaji miguu.

"Ngojeni," Mama Dorka akasema. "Rebeka yupi? Yule mkali? Wa kutopika Jumapili?"

"Ndiye!" nikapiga kelele.

Akaketi juu ya kinu, akasimulia, nami nikasikiliza nikiwa nimekwama hapo hapo. Mama mkwe wake alisoma darasa moja na Rebeka kwa wamisionari. Rebeka alifika misheni peke yake, msichana mdogo, miguu imevimba. Alikuwa amelizunguka ziwa kwa miguu, kwa siku ambazo hakuna aliyezihesabu. Baba yake alikuwa ameshapokea ng'ombe wa mzee fulani ili amwoze. Mzungu akasema hambatizi mtu bila kuandika jina la baba. Rebeka akasema baba huyo hamtaji. Wakabishana siku mbili. Ogutu alikuwa mlinzi wa lango, na kelele zikamchosha. Akasema: "Andika langu, niendelee na kazi."

Nikasahau suruali. Nikasahau kuku. Miaka sita nilikuwa natafuta mwanamume wa kumpa Rebeka heshima, na kumbe alikuja nayo mwenyewe, kwa miguu!

"Basi huyu si mpwa," Mzee Ochola akasema kwa sauti ndogo.

"Nani amesema?" Mama Dorka akamkemea. "Ogutu alimpa jina, na jina halijarudishwa. Huyu ni mpwa. Kazi ameifanya vibaya, lakini ni mpwa. Mshusheni, mumpe kitu cha kujifunga."

Nilishushwa na wanaume watano. Nimekula kondoo nikiwa nimejifunga leso ya maua ya Mama Dorka, na nimerudi nayo Kisumu.

Jioni nimemweleza mama yangu yote. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mpigie fundi wa jiwe, abadilishe."

Kwa hiyo msicheke. Akicheka mtu, acheke akijua kitukuu cha nani amemcheka. Fundi huyo hutoza shilingi mia moja na hamsini kwa kila herufi. Nimefuta BINTI WA OGUTU, herufi kumi na mbili, nikaweka ALIKUJA MWENYEWE, herufi kumi na tano. Hasara yote ya jiwe: shilingi mia nne na hamsini.