Manukato Mpaka Saa Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa. Mama Kaunta anahama na mumewe Jumamosi. Miaka kumi na mmoja amepokea nguo za wateja hapa kwa dobi, na sasa kiti chake kitakuwa wazi. Bosi ametangaza kwamba Ijumaa, saa kumi na moja jioni, Mama Kaunta mwenyewe atamchagua mrithi: mimi au Soksi. Soksi ndiye anayechambua nguo chafu. Mimi ni mpiga pasi. Miaka sita ndani ya mvuke. Nimechoka. Nataka kiti, feni na dirisha.

Sharti ni moja. Anayekaa kaunta lazima anukie mpaka kufunga, maana mteja akipewa koti lake huvuta pumzi kwanza, ndipo alitazame.

Hapo Mama Kaunta hana mfano. Hutia manukato mara moja tu, asubuhi. Jioni, sote tukinuka jasho na sabuni, yeye akipita utadhani ameingia sasa hivi. Yule mama ni fundi, sisemi kwa wivu.

Leo nilijipuliza mara tisa. Kufika saa nne nilikuwa nanuka pasi.

Jumanne, 4 Machi

Nimemuuliza siri yake. Nilijifanya namuulizia mke wangu. Akajibu bila kusita: oga, paka mafuta yasiyo na harufu ngozi ikiwa bado na unyevu, kisha matone mawili, shingoni na kwenye vifundo vya mikono, wala usisugue. Ngozi kavu, alisema, hunywa manukato yote na kubaki na kiu. Akaongeza kwamba joto ni adui. Chupa ikae kabatini, gizani.

Nikashukuru kwa adabu. Moyoni nikacheka. Mtu mwenye akili kama zile atoe siri ya miaka kumi na mmoja bure, mchana kweupe? Thubutu. Na alivyonidanganya bila kupepesa macho! Heshima yangu kwake imepanda maradufu.

Bila shaka ukweli ni kinyume chake. Nimeiweka chupa yangu juu ya boila, tangi la kuchemshia maji ya mvuke.

Jumatano, 5 Machi

Manukato yamegeuka rangi ya chai na yananuka siki. Mke wangu alininusa mlangoni, akauliza nani amenimwagia, na kama alikuwa na sababu. Chupa ile ilikuwa zawadi kutoka kwake.

Nimemwona Soksi akinunua kopo la mafuta. Masikini, naye ameuliza, na ameamini. Nilimhurumia sana.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Nilikuwa nanyoosha shati la wakili. Kola ile, ikishatiwa stachi, husimama wima kutwa nzima. Kama stachi inashika kola, harufu itaishindaje? Miaka sita jibu liko mkononi mwangu.

Shemeji ameniazima chupa yake, kwa sharti nisiisogeze karibu na moto.

Ijumaa, 7 Machi

Nilichanganya stachi na manukato, nikajipaka shingo na mikono. Saa mbili, safi kabisa. Saa tatu, ngozi ikaanza kukaza. Saa tano shingo haigeuki. Mtu akiniita, nazunguka mzimamzima kama kabati linalohamishwa. Saa nane nikainua pasi, mkono ukaanza kubanduka, vipande vyeupe vikamwagikia suti nyeusi. Kila kipande kiliondoka na harufu yake.

Saa kumi na moja Mama Kaunta alimnusa Soksi kwanza. Akafumba macho, akatabasamu. Hata mimi niliisikia: nyepesi, tulivu, kana kwamba Soksi alizaliwa nayo. Ilinigusa, nakiri. Kisha akanijia mimi. Akanipangusa unga begani taratibu, akasema hajawahi kuona mtu aliyenyooka vizuri namna hii. Kiti akampa Soksi.

Nilikaa chooni kidogo. Iliuma.

Jumamosi, 8 Machi

Mama Kaunta amekuja kuaga. Aliingia hadi kwenye chumba cha pasi, mahali ambapo hakanyagi kwa sababu ya joto. Akanipa kopo jipya la mafuta yasiyo na harufu. Akasema mwezi wa sita linafunguliwa duka la pili, na amemwomba Bosi anifikirie mimi kwanza, maana hajaona mtu anayejitahidi kama mimi. Kisha akarudia polepole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu: oga, paka, matone mawili, usisugue. Nusura nilie.

Mwanamke wa ajabu. Kiti ameshakiacha, mizigo iko garini, hana tena cha kupoteza, na bado siri haijamtoka mdomoni. Sitapata mwalimu mwingine kama yule.

Kopo nimempa mke wangu, apake miguu. Mimi nilipitia kwa fundi viatu, kuulizia gundi.