Kila Mtu Arudi Penye Kitovu Chake

Baraka, Fizi, Jumatano

Kwa Mheshimiwa Pasta Henri, kandida wetu wa uchaguzi,

Bwana Yesu asifiwe. Ni mimi Bertin Wilondja, katibu wa komite uliyoiweka siku ulipohubiri kwamba nchi hii ni urithi Mungu aliowapa wenyeji, na mwenyeji ni yule tu ambaye kitovu chake kimezikwa Fizi. Wengine wote wavushwe ziwa hadi Kigoma Jumamosi hii. Niliitika «Amina» mpaka sauti ikakauka. Leo nalalamika, kwa heshima zote, kwamba neno lako halifuatwi kwa ukali unaostahili.

1. Tulipita nyumba arobaini. Kila mtu aonyeshe kitovu chake kilipozikwa, na alete mama mmoja shahidi. Ole wetu! Vita vya Mulele vya miaka ya sitini vilivusha mama zetu hadi Kigoma, wakazalia huko, na vita vya baadaye vikavusha dada zetu. Waliofaulu ni saba, tukihesabu na mbuzi wa Mama Rosette aliyezaliwa mbele yetu. Wa kwanza ni Mzee Lukmani wa msikitini, na huyo hakupi kura.

2. Kwaya imeanguka yote, isipokuwa mpiga ngoma. Na bado wanaimba!

3. Katika shule ya Jumapili watoto wanafundishwa habari za Ibrahimu mtu wa Uri, Ruthu Mmoabi, na Yosefu aliyekimbilia Misri bila karatasi, akiwa na mke na mtoto mchanga. Naomba kurasa hizo zigandishwe kwa gundi hadi uchaguzi upite. Kitovu cha yule mtoto kilizikwa wapi, sikuthubutu kuuliza.

4. Hili linaniuma. Mke wangu Zubeda ni mzaliwa wa Ujiji, kule Kigoma. Tuna miaka thelathini na moja pamoja. Nilipomsomea uamuzi wa komite alisema: «Kitovu yangu iko Ujiji, ni kweli. Lakini batoto yangu babili balilala hapa Baraka, katika udongo. Mi nabaachia nani?» Kwenye fomu hapakuwa na nafasi ya kuandika hilo. Nimemwekea kiti kwenye boti ya Jumamosi.

Kwa hiyo nakusihi, Pasta, uonyeshe kitovu chako mbele ya watu wote, ili manung'uniko yaishe. Mama yako Anastasie yu hai, atashuhudia.

Nisalimie Mama Pasta Gentille, wazee wa kanisa, kwaya (wangali hapa), na wote wanaokupenda.

Wako katika urithi,
Bertin Wilondja, katibu

N.B. Asubuhi hii, kabla ya kufunga bahasha, nilipita kwa mama yako kutayarisha ushahidi. Alicheka hadi akafuta machozi. Anasema alikuzaa Ujiji, wakati wa Mulele, na kitovu chako kilizikwa nyuma ya nyumba ya mkunga aliyekupokea. Mkunga huyo ni marehemu mama mkwe wangu. Basi kile kiti cha boti nimekibadili jina, ni chako. Zubeda anasema upite kwetu kwanza ule bugali, maana mgeni haondoki na njaa.