Boksi la Mashine ya Kufulia kwenye Msiba wa Maganga

Jamani, leo nimehudhuria msiba wa rafiki yangu nikiwa ndani ya boksi la mashine ya kufulia. Boksi nimelipaka rangi ya fedha. Kichwani nilivaa ndoo. Walioniona ni kama watu themanini, na hapo sijawahesabu wale wa chumba nilichoingia kwa makosa.

Ngoja niwaeleze kwa mpangilio, maana najua baadhi yenu humu mmeshapigiwa simu na watu wa Harrow, hapa hapa London.

Marehemu ni Maganga. Wengi mlimjua: yule mpakia mizigo wa uwanja wa ndege, Mnyamwezi wa Tabora, mwenye sauti ya tarumbeta. Mimi ni Mzaramo, na makabila yetu yana utani tangu enzi za mababu. Kwa hiyo tulikuwa watani hata kabla ya kujuana majina. Siku ya kwanza tulikutana Hounslow, kwenye chumba cha mapumziko cha wafanyakazi. Nikamwambia, "Babu yako alibeba mizigo ya watu kwa miguu mpaka Bagamoyo. Wewe umepanda ndege kuja kubeba mizigo ya watu!"

Akanijibu bila kuacha kutafuna, "Na wewe Mzaramo umekuja kufagia kwa sababu huku hakuna mnazi wa kulala chini yake."

Tukawa marafiki. Miaka kumi na minne.

Vichekesho vilikuja baadaye. Kabla hajaoa tulipanga pamoja Kilburn, chumba kimoja, televisheni moja yenye chaneli nne. Kila Ijumaa walitokea wachekeshaji wawili wa Kiingereza, mmoja mrefu kama nguzo ya umeme, mwingine mfupi mwenye miwani. Waliigiza vijana wanaouza vitabu vya katuni na kugombana kutwa kuhusu vyombo vya anga na maroboti, kama watu wanaogombania mpaka wa shamba. Mwanzoni hatukucheka. Kiingereza chao kilikwenda mbio mno. Tukaanza kurekodi kwenye kanda, tunarudisha nyuma, tunasikiliza tena. Mwezi wa tatu tukacheka. Mwezi wa sita tulikuwa tunagombana wenyewe kama chombo chao kina milango mitatu au minne. (Ni minne. Maganga amekufa akisema mitatu.)

Kumbe London ilijaa wagonjwa wenzetu! Watu wazima, wana kazi na nyumba, wanapanga foleni kwenye mvua ili kanda yao itiwe saini. Wanajishonea nguo za anga. Wanakutana hotelini kuulizana maswali ya kipindi kama wanafunzi wa mtihani. Huko kwingine kote tuliulizwa tumetoka wapi na tutarudi lini. Wale waliuliza milango mingapi.

Mimi na Maganga tukatengeneza mavazi yetu. Kipande chetu kilikuwa cha maroboti wawili walioachwa peke yao kwenye sayari. Mimi ni namba moja. Nasema, "Roboti namba mbili, toa ripoti!" Kwenye kanda namba mbili anajibu, "Hali ni mbaya, lakini wewe ni mbaya zaidi." Maganga hakuwahi kulisema jibu hilo hata mara moja. Kila mara alikuja na lake. "Ripoti: nimechoka, nina njaa, na bosi wangu ni Mzaramo." Siku moja shabiki mmoja akamfuata na daftari mkononi: "Samahani, kwenye kipindi hasemi hivyo."

"Kwenye kipindi," Maganga akamwambia, "betri ilikuwa mpya."

Wiki tatu zilizopita nilimtembelea hospitalini. Moyo. Nesi alipotoka akanishika mkono.

"Shomari."

"Naam, mpagazi."

"Siku yangu ikifika usiniletee maua. Njoo na boksi. Wewe ni mtani wangu, una haki hiyo."

"Na nani atajibu?"

"Hilo halikuhusu. Wewe uliza tu."

Hakuna mwingine aliyesikia. Kumbukeni hilo.

Basi, leo asubuhi tumekwenda kanisani, kisha makaburini. Nilivaa suti, nilikuwa mtu mzima kabisa. Baadaye watu wakaelekea kwenye ukumbi wa kanisa kunywa chai. Nyumbani mnajua kazi ya mtani msibani. Huzuni ikizidi, anasimama, anamwigiza marehemu, anatembea kama yeye, anaongea kama yeye, mpaka mjane anacheka bila kutaka. Nilitaka Mama Kalunde, mke wa Maganga, acheke mara moja tu. Na zaidi yake, Kalunde mwenyewe, binti yao wa miaka kumi na miwili. Tangu baba yake afe Jumanne hakuwa amelia wala kusema lolote la maana. Alikuwa anagawa vikombe.

Nikaingia msalani na boksi langu. (Boksi lilisafiri kwenye treni ya Metropolitan likiwa limekunjwa. Mzee mmoja alinipisha kiti.) Nikalikunjua, nikaligundisha, nikavaa. Nikavaa ndoo. Hapo nikagundua kuwa matundu ya macho yamekaa upande, ninaona kushoto tu.

Kwenye korido kulikuwa na milango miwili. Nikasikia watu nyuma ya ule wa kushoto. Nikausukuma, nikaingia kiubavu kwa sababu boksi halikupita vinginevyo, nikapaza sauti:

"Mmeniacha peke yangu kwenye sayari hii! Roboti namba mbili, toa ripoti!"

Halafu sauti nyembamba ikajibu, "Nataka keki!"

Chumba kizima kikalipuka. Nikageuza ndoo. Maputo! Watoto kama ishirini, kofia za karatasi, wazazi wanapiga makofi. Mama mmoja akanijia anafuta machozi ya kicheko. "Umeweza kweli! Ila sisi tulikodi mtu wa mazingaombwe."

Nikaomba radhi. Wakanipa kipande cha keki. Wakanipigia makofi mpaka mlangoni. Katika miaka yote ya hoteli na mashindano sijawahi kushangiliwa namna ile. Mtu mwenye akili angetoka pale pale akaenda zake nyumbani.

Nikaingia mlango wa pili.

Niliingia kiubavu. Kona ya boksi ikagonga meza. Kwenye meza kulikuwa na picha ya Maganga. Picha ikaanguka kifudifudi sakafuni. Nikataka kuiokota. Sikuweza kuinama! (Boksi la mashine ya kufulia halina kiuno.) Nikajaribu kupiga magoti, likanikaba shingoni. Watu themanini wananitazama nikihangaika juu ya picha ya marehemu kama kobe aliyepinduliwa.

Nikajiambia, umeahidi. Nikasimama wima.

"Roboti namba mbili," nikasema, "toa ripoti."

Hakuna aliyejibu. Birika la umeme lilikuwa linachemka kwenye kona, ndilo pekee lililosikika. Kwenye kanda kuna ukimya wa sekunde tatu kabla ya jibu, watazamaji wanacheka humo. Nikangoja tatu. Nikangoja nyingine. Sijui nilikuwa namngoja nani. Halafu nikaanza kulia, na ndani ya ndoo kilio kinakuwa kikubwa, kinarudi masikioni, ukumbi mzima unakisikia.

Kaka yake Mama Kalunde akainuka. "Nani kamleta mlevi huyu?"

Bi Tausi, anayepakua pilau kila msiba wetu, akamjibu upawa mkononi, "Si mlevi, ni mtani wake. Ana ruhusa."

"Ruhusa ya nani? Hapa ni Harrow!"

Mama Kalunde alijifunika uso kwa kanga. Mabega yalikuwa yanatikisika. Sikujua analia au anacheka, na kwa tundu moja la ndoo nisingeweza kujua.

Kalunde akaweka vikombe chini. Akaokota picha, akaifuta kwa mkono wa sweta, akairudisha mezani. Kisha akaja mpaka mbele yangu, akachungulia kwenye tundu.

"Anko," akasema kwa Kiingereza, kama kawaida yake, "toka nje."

Nikatoka. Kiubavu.

Kituo cha basi kiko mbele ya kanisa. Nilisimama, kwa sababu kukaa pia haiwezekani. Basi likaja. Dereva akafungua mlango, akanitazama, akafunga. Simlaumu.

Nikasikia miguu nyuma yangu. Kalunde, bila koti. Yeye akawa anaongea Kiingereza, mimi Kiswahili, ndivyo tulivyoongea tangu azaliwe.

"Baba alikuomba?"

"Aliniomba."

"Nani alisikia?"

"Mimi tu."

Nilidhani ataondoka.

"Angejibu nini?"

Jamani, mimi ni mtu ninayekijua kipindi kile chote kwa moyo. Nikampa jibu. "Hali ni mbaya, lakini wewe ni mbaya zaidi."

Akatikisa kichwa. "Hilo ni la kwenye kanda. Nauliza la Baba."

Nikatafuta. Nikaweza kukumbuka ya njaa, ya betri, ya minazi, yote ya zamani, yote yaliyokwisha kusemwa. La leo sikuwa nalo. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Na kwa kuwa sikuwa na kingine cha kumpa, nikamweleza chumba cha kwanza, na yule aliyesema anataka keki.

Mdomo wake ukacheza kidogo upande mmoja. Kama baba yake alipokuwa anataka kusema milango mitatu. Halafu uso ukavunjika, akalia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza, amejibanza kwenye boksi, na mimi mikono haifiki kumshika.

Alipomaliza akaivua ndoo kichwani pangu. Akaikumbatia. Akarudi nayo ukumbini bila kuniambia kama nimfuate.

Sikumfuata. Niko Kilburn. Boksi nimeliacha chini, halipandi ngazi. Mkitaka kucheka chekeni, nilivaa kwa ajili hiyo. Mama Kalunde hajapiga simu. Ndoo anayo Kalunde. Niliuliza kama nilivyoagizwa, na mpaka ninapoandika hapa, roboti namba mbili hajatoa ripoti.