Udongo wa Mlangoni kwa Okurut

Ijumaa, 7 Machi
Mama Naliaka anataka tangi la samaki hotelini kwake hapa Malaba, madereva wa malori walitazame wakingoja pilau. Tangi moja tu. Atachagua Jumanne, kati ya langu na la jirani yangu Okurut. Okurut! Juzi alikuwa akiziba pancha. Sasa majani ndani ya tangi lake yamestawi kama sukuma wiki, eti kwa sababu ametandaza udongo chini ya maji. Nimekasirika mpaka chakula kimenishinda. Udongo hata mimi ninao.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetia udongo wa zizini, wenye samadi. Mahindi huupenda, kwa nini majani ya majini yaukatae? Nikamwaga ndoo nzima ya maji kwa mkupuo. Tangi likawa uji wa wimbi. Kufikia jioni samaki wanahema juu juu, wengine wamekufa. Mke wangu Brendah ameuliza kama nafuga au napika. Okurut ana udongo wake wa pekee, na amenificha.

Jumapili, 9 Machi
Watu walikuwa kanisani. Nikaingia kwa Okurut na karai, nikachota udongo mlangoni pake, pale anapokanyaga kila siku. Nilimsahau mama yake, Ajiko, anayeuguza mguu. Alipiga nduru hadi kanisani wakasikia. Eti nimechukua nyayo za mwanawe nikamroge! Mimi, niliyebatizwa! Nilikimbia, lakini karai sikuliacha.

Jumatatu, 10 Machi
Mzee wa kijiji ametukalisha. Akasema, Ekisa, mtu mzima hachoti udongo wa mlango wa mwenzake. Nikasema ni wa samaki. Watu wakacheka, Ajiko hakucheka. Okurut akaeleza mbele ya wote kwamba udongo wowote usio na samadi unafaa, mradi uchekechwe, ufunikwe kwa mchanga uliooshwa, na maji yamwagwe polepole juu ya sahani iliyowekwa juu ya mchanga, yasiutibue udongo. Mwongo huyo! Nani hutoa siri yake bure? Nimeamriwa kurudisha udongo, pamoja na kuku wa kuomba msamaha.

Jumanne, 11 Machi
Mama Naliaka amechukua tangi la Okurut. Kuku wangu wa msamaha ameliwa kwa Okurut, hata firigisi sikuonjeshwa. Hasira zinanichemka. Lakini wajinga ni wao. Udongo niliorudisha ni wa zizini kwangu. Ule wa Okurut uko ndani ya tangi langu, na nimeuongezea samadi upate nguvu.