Magoti Mawili Mbele ya Hita

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekuwa mtu wa maana. Gari-nyumba limeingia uani! Kitanda, jiko, meza ya kukunja, bafu la kujibanza, na hita ya maji chini ya benchi. Nimelinunua kwa mjane mmoja wa upande wa pili wa mji. Mumewe alikuwa fundi bomba. Wakati ananikabidhi funguo alisema nisilipue kazi yoyote mle ndani, mzee wake hapendi. Alisema hivyo akitazama mlango wa gari, kana kwamba kuna mtu ndani anavaa viatu. Nikaitikia tu. Vikongwe wana maneno yao.

Mpango ni huu. Mama mkwe anakuja Jumamosi. Miaka yote hufikia kwa mdogo wake mke wangu, kwa sababu mwanyumba wangu, yule aliyeoa huko, ana chumba cha wageni na bafu la marumaru. Hata jina nimempa: Bwana Marumaru. Sisi tuna vyumba viwili na watoto wanne. Sasa tuna gari! Ila mama magoti yanamsumbua, lazima aoge maji ya moto. Mke wangu amelizunguka gari, akaguna. Kisha akasema taratibu, bila hata kunitazama: "Safari hii mama asipolala kwangu, na mimi silali kwako." Hakutania. Namjua akitania.

Nimejaza maji. Hita inavuja! Pale bomba la maji baridi linapoingia kwenye tangi, penye kiungio cha shaba. Tone, kimya, tone. Nimekaza nati kwa spana mpaka mishipa ya shingo ikanitoka. Imeacha. Sasa huu ndio ufundi watu wanaousomea miaka?

Jumanne, 4 Machi

Nati imefunguliwa! Nimeikuta kwenye ngazi ya mlango, imefutwa ikakauka, na ringi yake ya mpira imelazwa pembeni juu ya kitambaa. Kitambaa si changu. Koki ya maji imefungwa, sakafu kavu. Mharibifu gani huyu anayefunga koki?

Nani mwingine kama si Bwana Marumaru? Ananionea kijicho. Nimemweleza mke wangu. Akauliza kama kweli shemeji yake anaweza kutoka kwake alfajiri kuja kufungua nati moja. Nikamjibu kwamba hamjui shemeji yake.

Leo nimetumia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Muuza duka alianza kunieleza inavyozungushwa, nikamwachia maelezo yake nikaondoka. Nimemaliza roli nzima, kiungio kikawa kama kidole chenye bandeji. Juu yake gundi. Mlango nimeutia kufuli na ufunguo nimeuvaa shingoni.

Jumatano, 5 Machi

Kufuli iko vilevile. Ufunguo uko shingoni. Tepu iko kwenye ngazi, imekunjwa mara tatu, bado ina maji. Gundi imekwanguliwa yote na kurundikwa juu ya kitambaa kilekile.

Hayo ningeyavumilia. Lakini kioo cha bafuni kilikuwa na mvuke, na hita sijaiwasha tangu ije. Katikati ya mvuke pamefutwa duara, kwenye kimo cha uso wa mtu mrefu. Mle ndani mnanukia sabuni ya kunyolea. Mimi nina ndevu. Nilisimama pale mpaka duara likaanza kufifia, halafu nikakumbuka kwamba nina shughuli nje.

Bado nasema ni Bwana Marumaru. Ana ufunguo wa akiba, basi, na sabuni ni ya kunichanganya akili. Nimemtegea. Nimemwaga unga wa ngano sakafu nzima, nikatoka kinyumenyume nikinyunyiza mpaka mlangoni. Akikanyaga tu nimemkamata. Mke wangu ameuliza unga wa nyumba umekwenda wapi. Nimemwambia ni siri ya kazi. Amesema haya, watoto watakula siri.

Alhamisi, 6 Machi

Unga umezolewa. Wote! Umerudishwa kwenye mfuko wake, na mfuko umefungwa kwa uzi. Sakafu imepigwa deki. Umebaki mahali pamoja tu, mbele ya hita, kipande cha ukubwa wa trei. Ndani yake kuna alama mbili za mviringo. Hakuna nyayo za kuja wala za kuondoka. Magoti mawili tu.

Nilikaa chini kwenye majani, asubuhi kweupe, jirani anaanika nguo, na mimi naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa katika utu uzima wangu.

Kisha hasira zikanipanda, nikaenda kumkabili Bwana Marumaru. Nikamkuta sebuleni, mguu uko kwenye plasta kuanzia pajani. Aliteleza bafuni kwake wiki iliyopita. Kwenye marumaru! Siku nyingine ningecheka mpaka mbavu ziniume. Akaniuliza kwa upole mbona nimepauka, akasema kama gari linanishinda nisione haya, chumba cha mama kiko tayari, hata shuka zimeshatandikwa. Mtu yule hawezi kupiga goti.

Nikaenda kwa mjane. Hakushangaa. Kitu cha kwanza aliuliza kama mzee bado ananyoa asubuhi. Akanieleza kuwa kile kiungio ndiyo kazi ya mwisho aliyoianza. Alipiga magoti mbele ya hita na akaanguka palepale, spana mkononi. Nikauliza sasa nifanye nini. Akasema nifanye kazi vizuri, kwani kuna lingine? Kama sijui, nipige magoti, nitaongozwa. Nilipofika mlangoni akaniita. "Lakini akishakushika mkono, mwanangu, wewe ni mwanafunzi wake. Hakuachi tena." Nikamshukuru kwa chai, nikaondoka haraka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata wazo! Mzee anapenda kazi, mimi sipendi. Tunagombania nini? Asubuhi nimempangia trei: spana, kiungio kipya, tepu mpya, brashi ya waya, kikombe cha chai. Nikatoa shikamoo kwa adabu zote, nikamkaribisha kazini, nikafunga mlango, nikaenda kunyosha mgongo.

Mchana nimekuta chai imekwisha. Kazi haijaguswa. Ila spana imegeuzwa, mpini unaelekea mlangoni kwangu, na mbele ya hita umewekwa mto. Mto mmoja, wa magoti ya mtu mmoja.

Mke wangu alikuwa dirishani ananitazama. Alikuwa ameshashusha sanduku lake kutoka juu ya kabati. Nikaingia, nikapiga magoti.

Baridi ilianzia kwenye vidole. Mikono miwili mizito ikakaa juu ya mikono yangu. Sikuona mtu. Nyuma ya sikio kulikuwa na pumzi yenye sabuni ya kunyolea. Nilitaka kukimbia, mikono haikutaka. Tukasugua nyuzi za shaba, ile mikato inayoshika nati, mpaka zikang'aa. Upande wa pili nilijaribu kuruka hatua hiyo, nikachapwa kwenye vidole! Tepu ikafuata upande ule ule nati inakokazwa, mizunguko michache tu, taratibu. Nati ikakazwa. Nilipotaka kuongeza nguvu, vidole vyangu vilifunguliwa kimoja kimoja. Nikaelewa kwamba imetosha. Tukafungua koki. Tukasubiri, mimi na yeye. Kavu kabisa. Nikalia kama mtoto, sijui kwa hofu au kwa furaha.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe kafika! Ameoga maji ya moto mpaka madirisha ya gari yakapiga ukungu. Ametoka uso unang'aa, anasema tangu magoti yaanze kumsumbua hajaoga akasikia raha hii. Bwana Marumaru amepiga simu kuuliza mama anachukuliwa saa ngapi. Ameambiwa hachukuliwi. Mke wangu amerudisha sanduku juu ya kabati, kisha akaja jikoni akanishika mkono. Nimefurahi mno.

Tulipokaa kula mama akaniuliza yule fundi anayenyoa bafuni ni ndugu yetu wa upande gani. Mtu mstaarabu sana, alimpisha aoge kwanza. Na mbona hakuitwa kula? Mke wangu akacheka, akasema mama amechoka na safari. Mimi niliendelea kutazama sahani yangu.

Jumatatu, 10 Machi

Harufu ya sabuni haimo tena garini! Mama anasema fundi alimuaga jana asubuhi, kabeba mkoba wake wa vifaa. Alimuuliza anakwenda wapi, akajibu anamfuata mwanafunzi wake. Mama naye, lazima amesikia vibaya! Safari njema, mzee. Nimekuwa huru na fundi kamili kwa mpigo mmoja.

Nimeanza kazi leo leo. Bwana Marumaru, mguu juu ya stuli, ameniomba kwa unyonge nimtazamie hita ya bafuni kwake, kiungio kinadondosha. Aniombe mimi! Nimekiviringisha mpira wa tairi, juu yake tepu, upande wowote ulionijia. Sikusugua kitu. Mzee shida yake ilikuwa gari, kwenye marumaru za watu atafuata nini? Nimemaliza kabla chai haijapoa. Wamenishukuru sana, nami nimewaomba wanitangaze mtaani.

Nimerudi, nimefunga mlango wa chumba, nimekaa kuandika haya. Nimeinuka kidogo kufungua dirisha kwa sababu ya harufu. Sabuni ya kunyolea. Niliporudi mezani, pembeni ya shajara nimekuta ule mpira wa tairi, na juu yake tepu, imekunjwa mara tatu, inachuruzika. Ukurasa huu umelowa. Simu inaita, ni Bwana Marumaru. Siipokei. Chini, mbele ya kiti changu, umewekwa mto.

Nimeikagua ile tepu. Haijachanika popote. Naianika dirishani, maana kesho nina kazi kwa jirani.