Tangazo la Kijapani la Shampuu ya Mama Marguerite

Binamu yangu Dedan aliishi Japani. Atakuapia! Aliishi huko saa sita nzima, kwenye kiti cha uwanja wa ndege, akisubiri ndege ya kumleta Texas. Mbele ya kiti hicho palikuwa na televisheni iliyorudia matangazo ya shampuu bila kuchoka. Kuna watu husomea matangazo chuoni miaka minne. Dedan alihitimu kabla hajaitwa kupanda ndege!

Siku hizi anakaa Irving, karibu na Dallas, na kazi yake ni kusukuma abiria wazee kwenye viti vya magurudumu pale uwanja wa ndege. Lakini mwulize anafanya nini. "Mimi ni director," atakujibu. Na kofia ya madirekta anayo, nyeusi, haivui hata akiombewa.

Aliyemwamini ni jirani yangu hapa Alief, Houston, Mama Marguerite, Mkongo wa Uvira. Miaka saba alipanga makasha ghalani mpaka mgongo ukagoma. Sasa anapika shampuu ya mshubiri jikoni kwake, na shampuu ni nzuri, mimi mwenyewe naitumia. Mzee Onyancha, mwenye duka la Kiafrika, alikuwa amebakiza rafu moja tu. Alimwambia Mama Marguerite alete tangazo Jumamosi, lionyeshwe kwenye TV ya duka. Likivutia wateja, rafu ni yake. Lisipovutia, rafu inakwenda kwa mwuza dagaa, na Mama Marguerite anarudi ghalani Jumatatu na mgongo wake huohuo. Nilimwonea huruma, ndiyo maana nikafanya kosa la kumtajia Dedan.

Ijumaa Dedan aliendesha gari kwa saa nne kutoka Irving, akashuka na miwani ya jua.

"Auntie, relax. Tangazo la Japan linataka vitu vitatu: staa, piano na upepo."

"Na shampuu?" aliuliza Mama Marguerite.

"Shampuu tunaionyesha mwisho, sekunde mbili. Halafu mtu ananong'ona jina lake."

"Ananong'ona juu ya nini? Iko siri?"

Dedan alimhurumia kwa ushamba wake, akamweleza. Huko Japani, alisema, staa wa sinema anavaa gauni jeupe, anatazama dirishani kama aliyesahau chungu motoni. Anageuka pole pole. Nywele zinapepea, maua yanaanguka, tone moja la maji linadondoka, piano inalia. Kwisha!

"Hakuna mtu anakuambia inaosha," alisema Dedan. "Wanakufanya tu uchukie nywele zako."

Staa tuliyempata ni Élodie, mwimbaji wa kwaya. Video yake ya harusi ilitazamwa mara elfu kumi na moja, nusu yake ikiwa ni shangazi zake. Alikuja na gauni jeupe na wigi la kufika kiunoni, lililonyooka kama barabara ya kwenda Dallas.

"Ile nywele iko yake?" Mama Marguerite alininong'oneza, lakini Dedan akasikia.

"Auntie, hiyo ni image!"

"Lakini shampuu yangu haijaigusa hata siku moja!"

"Hata Japan hakuna mtu anauliza."

Tukaweka kambi kwenye maegesho ya nyumba zetu. Maua tuliyatengeneza kwa karatasi za waridi za kupambia harusi. Kwa joto la Houston na jasho letu, yalimganda staa usoni kama plasta. Simu ya Mama Marguerite ndiyo iliyokuwa kamera, tukaisimamisha kwenye ngazi. Précieux, mpiga kinanda wa kanisa, aliagizwa huzuni. Alianza vizuri sana. Kisha vidole vikakumbuka Jumapili, sebene ikaanza, na staa akaanza kuzungusha kiuno!

"Cut! Huzuni, kaka! Huzuni!"

"Grand frère, mimi niko na huzuni. Vidole njo viko na furaha."

Mimi Gakii, muuguzi mwenye leseni ya jimbo la Texas, nilikabidhiwa mashine ya kupulizia majani. Siku yangu ya mapumziko!

"Gakii, upepo!"

Nikapuliza. Wigi likatikisika kidogo.

"Ongeza!"

"Dedan, inatosha."

"Usinifunze job! Mimi nimeishi Japan!"

Haya. Sitadanganya, ningeweza kuongeza kidogo tu. Nilibonyeza mpaka mwisho.

Wigi liliondoka! Lilipita juu ya magari mawili, likatua mbele ya mbwa wa jirani yetu Brandon. Mbwa alilibwekea, akalinusa, akalichukua na kutimua mbio. Dedan akamfuata akipiga kelele, akapita mbele ya mashine, nami kwa mshtuko sikuwa nimeizima. Kofia nayo ikaenda zake. Jamani! Mtaalamu wa nywele alikuwa na upara unaong'aa kuliko chupa zote za Mama Marguerite. Précieux alirudi kwenye sebene, na safari hii hakuna aliyemkataza.

Élodie alijishika kichwa. Nilidhani atalia. Akacheka mpaka akainama, kisha akasogelea simu.

"Basi! Hizi ndizo zangu! Mbele zilikuwa zimekatika zote. Miezi nane naosha na ya Mama Marguerite, muone!" Akafumua tuta moja la msuko wake, akalivuta, nywele zikafika begani.

Simu ilirekodi yote. Dedan aliporudi akihema, na wigi lenye mate mkononi, aliagiza video ifutwe.

"Itaniharibia jina, Auntie."

"Simu iko yangu," alisema Mama Marguerite.

Jumamosi, wanawake dukani walisimama na vikapu vyao mbele ya TV wakaomba irudiwe. Ikarudiwa. Kabla ya saa sita chupa zote zilikwisha, na Mzee Onyancha akatoa rafu bila masharti. Juu yake alibandika picha mbili kubwa. Kwenye ya Élodie aliandika ANATUMIA. Kwenye ya Dedan, aliyenaswa kichwa wazi akimkimbiza mbwa, aliandika BADO.

Wiki iliyopita Dedan alinipigia, karibu kulia. Alikuwa akimsukuma bibi mmoja Mkongo aliyetua kutoka Houston. Njia nzima bibi aliikazia macho kofia yake. Walipofika kwenye mlango wa kutokea, penye foleni ya teksi, bibi alifungua begi, akamtia kichupa mkononi na kukifumba kiganja chake. Wala hakunong'ona.

"Nilikuona kwa Onyancha, mwanangu. Jaribu hii. Mungu hashindwi!"