Mvuta Kura wa Aldemeer

Wiebren Terpstra alinusa kiti cha udiwani asubuhi ileile manispaa ilipobandika tangazo kwenye mlango wa bwawa la kuogelea. Tangazo lilisema paa la bwawa limechoka, linakula fedha za umma, na baada ya uchaguzi baraza jipya litaamua kama eneo lile liuzwe. Wazazi walikuwa wamejaa pale nje na baiskeli zao, wengine wanalia, wengine wanatukana kwa Kifrisia, lugha yetu ya huku kaskazini mwa Uholanzi, nzuri sana kwa kazi hiyo. Mtu mwingine yeyote angeona huzuni. Wiebren aliona kura zisizo na mwenyewe.

Alikuwa mwandishi wa habari, naomba msicheke. Kwa zaidi ya miaka ishirini alijaza ukurasa wa pili wa lile gazeti la bure linalotumbukizwa kwenye matundu ya milango yetu kila Jumatano, nasi tukalifungia maganda ya viazi. Safu yake iliitwa "Wiebren Anauliza," na nguzo yake ilikuwa mama mmoja asiyetaka kutajwa jina. Mama huyo alilalamikia kinyesi cha mbwa, kengele za kanisa na bei ya jibini, na kila alipolalamika, mkubwa fulani alimwita Wiebren kunywa kahawa ili mama anyamaze. Alinyamazishwa kwa tiketi za mpira, kwa likizo ya kisiwani, na safari moja kwa mashua nzuri ya tanga. Sisi wasomaji tulimpenda sana yule mama. Hakuwahi kuwepo duniani.

Sasa gazeti lilikuwa linakata roho, matangazo yote yamehamia kwenye simu. Mwanamume aliyevuka hamsini, ambaye hajawahi kubeba kitu kizito kuliko kalamu, ataenda wapi kama si kwenye siasa?

Siku hiyohiyo alipanda baiskeli mpaka kwa Gerlof Bonnema, mkandarasi mkubwa kuliko wote Aldemeer, aliyekuwa amelitolea macho eneo la bwawa ili ajenge nyumba za ghorofa za wastaafu wenye nazo. Bonnema alimmiminia kahawa, akampa biskuti moja, akafunga kopo, kama ipasavyo.

"Baraza lina viti kumi na saba," Wiebren alisema. "Wanane wanataka kuuza, wanane hawataki, na uchaguzi huu hautawabadilisha. Kimebaki kimoja."

"Hayo nayajua. Ndiyo yanayoninyima usingizi."

"Hicho kimoja nitakikalia mimi. Naanzisha chama. Kinaitwa Okoa Bwawa."

Bonnema aliweka kikombe chini. "Okoa Bwawa. Halafu unakuja kuniambia mimi. Kijana, umelewa asubuhi yote hii?"

"Nisikilize, mzee wangu. Naingia kwa kuliokoa. Nikishaingia, nakuta mambo ambayo sikuyajua. Paa limeoza kuliko tulivyoambiwa, watoto wako hatarini. Naumia. Natoa chozi mbele ya watu. Kisha, kwa moyo mzito, napiga kura tuuze."

"Na wewe chako nini?"

"Ghorofa ya juu kabisa. Upande wa mfereji."

Bonnema alifungua kopo la biskuti mara ya pili. Kwa watu wetu hiyo ni sawa na kutia sahihi.

"Lakini nani atakupigia kura wewe?" akauliza. "Watu wanakusoma kwa sababu gazeti ni bure."

"Mimi sihitaji kupigiwa. Mwisho wa majina ya chama namweka Mwalimu Aukje."

Hapo mkandarasi alicheka hadi akapaliwa. Kwetu nafasi ya mwisho kwenye majina ya chama haipewi mnyonge. Hupewa kipenzi cha watu, mcheza mpira mstaafu au daktari wa zamani, ambaye kila mtu anajua kuwa hana nia ya kukaa barazani. Kazi yake ni kuvuta kura. Watu wanampigia yeye kwa mapenzi, kura zinaingia kwenye chungu cha chama, na anayekaa ni yule wa juu. Ni mchezo wa wazi na haumwudhi mtu.

Na Aldemeer nzima hakukuwa na kipenzi kama Aukje Sinnema. Katika nchi ambayo nyuma ya kila nyumba kuna mtaro wa maji, mtoto asiyejua kuogelea ni mtoto wa kuzikwa, na kwa miaka hamsini huyu mama ndiye aliyetuogelesha. Wakubwa kwa wadogo, kila mmoja wetu amewahi kuning'inia kwenye ncha ya ule mti mrefu anaowanyooshea wanafunzi majini, makamasi yanatutoka, naye akituambia tupige miguu tuache kelele.

"Na wakimchagua kweli?" Bonnema akauliza. "Sheria inamruhusu kukaa."

"Ataniahidi kwamba hakai. Uliwahi kusikia Mwalimu amevunja ahadi?"

"Hapana," alisema Bonnema, ambaye naye aliwahi kuning'inia kwenye mti ule. "Hilo sijawahi kusikia."

Mwalimu Aukje hakuwa mtu wa kuvishwa kilemba cha ukoka. Alimsikiliza Wiebren akiwa amesimama ndani ya maji mpaka kifuani, mkono mmoja umeshika kidevu cha mtoto.

"Utalilinda bwawa langu?"

"Kwa damu yangu, Mwalimu."

"Damu itanichafulia maji. Kwa kura yako?"

"Kwa kura yangu."

"Basi ukililinda, mimi sina haja ya kukaa barazani. Niandike huko mwisho."

Wiebren alitoka pale anapiga mluzi. Alikuwa amesikia "sina haja ya kukaa" na yaliyotangulia akayaacha yapite, kama alivyokuwa akifanya na watu wote aliowahi kuwahoji.

Kampeni ikaanza. Kila Jumamosi sokoni aliweka sufuria kubwa ya supu ya njegere yenye vipande vya soseji, akagawa kwa vikombe vya karatasi. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na yeye aliwatoa mpaka wale ambao hawajapiga kura tangu wazaliwe. Aliwasimulia jinsi alivyojifunza kuogelea kwa Mwalimu, ingawa mimi nakumbuka vizuri kuwa alijifunza mjini kwa shangazi yake. Kina mama walimwita "Wiebren wetu." Uchungu wa watu ule, hofu yao juu ya watoto wao, aliuvaa kama koti, na ulimkaa vizuri. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko uongo wenyewe.

Ikafika siku ya kuzaliwa ya Mwalimu Aukje. Tuliweka viti kwa duara sebuleni kwake, kila aliyeingia akazunguka kushika mkono wa kila mmoja na kumpongeza, kama ilivyo desturi yetu, hongera kwa mwalimu wako, hongera kwa jirani yako, hongera kwa dada yako, halafu akakaa na kipande chake kimoja cha keki. Pembeni yangu alikaa Tjitske, mke wa Bonnema, mwanamke mwema sana ambaye kosa lake ni kuwa na furaha asiyoweza kuifunika.

"Mwenzangu, mwakani njoo kwetu kwenye nyumba mpya," alimwambia Aukje. "Sisi tunachukua ya chini, kwa ajili ya magoti ya Gerlof. Wiebren ndiye atakayefaidi, amepewa ya juu kabisa, maji yote anayaona."

"Maji gani, Tjitske?"

"Ya mfereji, mama. Ya bwawa si yatakuwa yameshafukiwa."

Duara zima lilimgeukia. Tjitske aliangalia huku na huku, akashika mdomo wake, lakini maneno yakishatoka hayana mlango wa kurudia. Nilimtazama Mwalimu. Uso wake haukubadilika hata kidogo.

"Kipande kingine cha keki, Tjitske?" aliuliza.

Kwenye duara la Aldemeer hakuna anayepewa kipande cha pili, na kumi na wawili tuliokuwa pale tulielewa kwamba mambo yameharibika sana. Tjitske alikula akilia, akaapa hatamwambia mumewe, na nadhani kwa aibu ile alitimiza.

"Tumwumbue," nikasema alipoondoka. "Jumamosi, palepale kwenye supu yake."

"Tukimwumbua, chama kinakufa na kiti kinakwenda kwa wauzaji," alisema Mwalimu huku akikusanya sahani. "Mimi nakitaka kile kiti. Nyie mnajua kunyamaza?"

Kwa mji wetu hilo lilikuwa ombi zito. Lakini tulinyamaza.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu Aukje mwenyewe alikuja sokoni, akavaa aproni, akashika upawa. Wiebren alikaribia kulia kwa furaha. Kila aliyepokea kikombe, Mwalimu alimwinamia na kumwambia polepole, "Jina la mwisho kabisa. Usimpigie wa juu." Na kwa sababu ndivyo wavuta kura wote wanavyosema, Wiebren aliona sawa kabisa. Alimletea hata kiti apumzishe miguu. Akachapisha mabango mapya yenye picha ya Mwalimu kubwa kuliko yake.

"Unanichosha kwa wema wako, Mwalimu," alimwambia.

"Bado hujauona, mwanangu," akajibiwa.

Siku ya kupiga kura tuliingia kwenye vibanda na karatasi zetu pana kama vitambaa vya meza, tukatafuta safu ya Okoa Bwawa, tukashuka nayo mpaka chini, tukapaka kiduara cha mwisho kwa penseli nyekundu. Jioni matokeo ya vyama yakatangazwa, Okoa Bwawa kimepata kiti kimoja. Majina ya watu husubiri kikao cha manispaa siku mbili baadaye. Wiebren hakuona sababu ya kusubiri. Alinunulia watu kroketi, zile kababu zetu za kukaanga, na bia, akahutubia juu ya meza, akaenda kushonesha suti.

Suti hiyo aliivaa kwenye kikao, akakaa mstari wa mbele na Bonnema ubavuni. Meya alisoma kwa sauti kavu. Wiebren Terpstra, kura mia mbili na kumi na moja. Kisha akashuka, akashuka, mpaka mwisho. Aukje Sinnema, kura elfu moja na themanini.

"Kwa kuwa Bi Sinnema amepata kura zake binafsi za kutosha kisheria," meya alisema, "anapita juu ya wote waliomtangulia. Kiti ni chake."

Wiebren alicheka. Peke yake. "Atakataa," aliutangazia ukumbi. "Ni mvuta kura tu, jamani."

"Ana siku chache za kujibu," alisema meya. "Akikataa, ni chako."

"Kamlete huyo mama akatae," Bonnema alimnong'oneza huku amemshika mkono wa koti jipya, "la sivyo utakwenda kuishi ndani ya hiyo suti."

Alimkuta bwawani, katikati ya somo. Huingii pale na viatu vya nje, kwa hiyo ilimbidi avae mifuko ya plastiki ya bluu juu ya viatu vyake vipya, kama mzazi yeyote. Wazazi walikuwa wamejaa kwenye benchi. Nilikuwepo, nilimpeleka mjukuu wangu.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya asali, akichuchumaa ukingoni. "Hongera sana. Umetuvutia kura kwelikweli. Sasa imebaki ile barua ndogo ya kukataa, halafu upumzike."

"Nimeshajibu. Nimekubali."

"Uliniahidi, Mwalimu." Asali ikamwishia. "Mtu mzima, uliniahidi hutakaa."

"Nilikuahidi ukililinda bwawa. Unalilinda?"

"Hilo si la kuuliza."

"Basi waambie hawa waliokaa kwenye benchi. Waambie utakaa ghorofa ya ngapi."

Wazazi wakageuka. Wiebren alitutazama mmoja mmoja akitafuta asiyejua, na hakumpata hata mmoja, maana kiti kilipotangazwa kuwa cha Mwalimu, sisi tuliokuwa kwenye duara tuliacha kunyamaza. Alifungua mdomo. Miaka zaidi ya ishirini nimemsikia akiongea na sijawahi kumwona akikwama, lakini siku ile mdomo ulibaki wazi, mtupu. Nilitaka kucheka nikashindwa, maana alionekana mzee ghafla.

Mwalimu Aukje alisogea mpaka ukingoni alipokuwa amechuchumaa. Akamwekea vidole viwili chini ya kidevu, kama anavyowafanyia wote siku ya kwanza.

"Funga mdomo, Wiebren," alisema. "Utameza maji."

Kisha akamgeuzia mgongo, akapuliza kipyenga, na watoto wakaruka wote kwa pamoja.